Mwari Niliyemfunda Kunyamaza

Nilikuwa somo. Kwa waliozaliwa juzi, somo ni mwanamke anayemfunda bi harusi kabla hajatolewa kwao. Hukaa naye ndani siku saba, akamsinga mwili kwa liwa, akamfukiza udi, akamwambia yale ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Kazi hii niliirithi kwa shangazi yangu, na mwanzoni mwa miaka ya themanini, pale Barani, Malindi, hapakuwa na harusi ya maana iliyopita bila mtu kuja kubisha mlango wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na kiburi cha mtu wa sitini. Nikipita njiani hata wanawake walionizidi umri walikuwa wa kwanza kunisalimu, nami niliitikia kama mtu anayepokea haki yake.

Mafunzo yangu yalikuwa mengi, na mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini kiini chake kilikuwa kimoja, na nilikirudia asubuhi na jioni mpaka mwari akiseme amefumba macho. Siri ya nyumba haivuki kizingiti. Mtu wa kwenu akija kukutazama, hata kama umelala na njaa, sema sijambo, alhamdulillahi, nisalimie mama. Mwaka wa kwanza usishtaki, wala wa pili. Mwanamke anayeshtaki mapema amemvua mama yake nguo sokoni. Kisha nilikuwa nikiuliza: "Mtu wa kwenu akija, wasemaje?" Aliyesitasita nilimfinya paja. Sikuona ubaya wowote, kwani hata mimi nilifinywa, na ndoa yangu ilisimama.

Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, alikuwa mjane, mtu wa visiwa vya kaskazini, aliyekuja Malindi na marehemu mumewe akabaki akipika mahamri. Alinizidi kama miaka kumi, nami nilimwita dada. Mtaa mzima ulikula kwa mkono wake: mahamri asubuhi, mbaazi za nazi saa nne, na mwezi wa Ramadhani kaimati zilizokuwa zikigombaniwa. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, msichana, na mwaka huo alikuwa ametimia ishirini.

Msichana yule hakuwa mnyonge, na hilo nataka lijulikane. Alikuwa na mdomo. Mteja akilalamika kuwa mahamri yamepungua ukubwa, humwambia, "Labda ni kinywa chako kimekua, ami." Mama yake humkemea huku akificha kicheko kwa upindo wa kanga. Hata mimi hakunibakisha. Siku ya pili ya kumfunda, nikiwa katikati ya hotuba yangu ya kustahimili, aliniuliza, "Somo, kama subira ni tamu hivyo, mbona wewe wamgombeza mumeo mpaka sisi twasikia huku?" Nilimfinya. Alicheka huku akijisugua paja. Mpaka siku ya saba alikuwa hacheki tena, nami nilijisifu moyoni kwamba nimefanya kazi.

Lakini nimetangulia mambo. Kabla ya kufunda ilikuja posa, na posa ililetwa na mwanamke wa makamo aliyezaliwa hapa hapa Malindi, akaolewa Uarabuni akiwa msichana, akapotea miaka kumi na mitano. Alifikia kwa jamaa zake mtaa wa Shela. Buibui lake lilikuwa la kitambaa ambacho hatujapata kukiona, na alipopita uchochoroni manukato yalibaki nyuma kwa muda mrefu. Kila nyumba aliyoingia aliacha kitu: shuka, kopo la halua, kipande cha udi. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani, kwa sababu nyanya yake sote tulimjua. Tulimjua nyanya, basi tukadhani na mjukuu tunamjua.

Alisema anamtafutia mke shemeji yake, mfanyabiashara aliyefiwa na mke, asiye na mtoto. Walii wa msichana, yaani mwenye haki ya kumwoza, alikuwa ami yake, ndugu wa marehemu baba yake, mpishi katika hoteli moja ya watalii huko Bofa, Kilifi. Akaja, akavaa kanzu, akakaa barazani akauliza maswali yote yanayopasa. Ukoo gani? Anasali? Anakunywa? Ana mke mwingine? Bibi yule alijibu bila kukwama hata mara moja. Akatoa na picha, mwanamume wa kanzu nyeupe amesimama kando ya gari. Ami aliigeuza picha akatazama mgongoni mwake, sijui alitarajia kuona nini, akasema, "Mashallah." Bwana harusi mwenyewe angeweka wakili, jambo ambalo sheria yetu inaliruhusu, na ambalo tulikwisha kuliona kwa vijana walioko ng'ambo. Mjane alilia kwa furaha. Kwetu binti akiolewa husemwa amestiriwa, na mama maskini hana ndoto kubwa kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Kuna desturi, na wanaume hawaijui. Posa ikishakubaliwa, upande wa bwana humtuma mwanamke kwa somo, peke yake, kwa siri. Huja na zawadi ndogo, hunywa chai, huzungumza habari za mvua na za bei ya samli, na kabla ya kuondoka hushusha sauti akauliza swali moja: kama mwari ni mzima, yaani hajaguswa. Hakuna posa niliyopata kuisimamia ambayo swali hilo halikuulizwa. Matajiri waliliuliza na maskini waliliuliza. Nilikuwa hata na namna yangu ya kulijibu, nikitazama kikombe.

Bibi yule alikuja, tena na doti ya kanga na chupa ya manukato. Akanywa chai yangu ya tangawizi. Akauliza kama msichana huugua mara kwa mara. Akauliza kama macho yake ni mazima, kama kifua chake hakina pumu, kama akilala huwa mzito au huamka akiitwa mara moja. Akauliza kama amezoea kushika watoto. Akauliza kama ni mtu wa kumlilia mama. Nilijibu yote, kisha nikakaa nikingoja lile swali. Nilingoja mpaka chai ikapoa. Akainuka, akajitanda, akasema, "Jambo moja tu nakuomba, somo. Mfunde subira. Huko ni mbali, hakuna wazee wa kutusuluhisha." Akaenda zake.

Nikajiambia, hawa watu wa mbali wana adabu mno, ameona haya kuuliza. Nilikwenda hata kumwelezea mjane kwa sifa: watu wastaarabu hawa, dada, hawakutaka kumdhalilisha mwanao. Katika Barani nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa na njia ya kujua siku ile kwamba anayetafutwa si mke. Asiyeuliza swali lile haposi. Maswali aliyoyauliza yalikuwa ya mtu anayeajiri mtumishi, na mtoto mdogo angeyatambua kama yangeulizwa na mzungu wa hoteli. Lakini yaliulizwa na mwanamke wa buibui aliyekaa juu ya mkeka wangu, nami nikayaita adabu.

Basi nikamfunda subira. Wallahi, sijapata kumfunda mwari vizuri kama nilivyomfunda yule.

Siku ya nikaha nilikuwa ndani na wanawake, tukisikia sauti ya ami nyuma ya pazia akitamka maneno, na sauti ya wakili, kijana wa Shela mwenye mafua, akikubali kwa niaba ya mtu tuliyemwona pichani tu. Vigelegele vikapigwa. Wiki ya pili yake pasipoti ikawa tayari. Bibi yule alikuwa na watu wake wa kuzishughulikia. Asubuhi ya kuondoka, gari la kuwapeleka Mombasa likiwa linangurumia nje, msichana alinivuta kando penye mtungi. Macho yake yalikuwa yamepakwa wanja vizuri na hofu yake yote ilionekana.

"Somo, na nikishindwa je?"

"Hushindwi," nikamwambia. "Mwanafunzi wangu hashindwi."

Miezi mitatu baadaye ikaja barua. Mama yake hakujua kusoma herufi za kizungu, kwa hiyo nilimsomea mimi, mwiko wa mahamri ukiwa bado mkononi mwake. Ilikuwa ukurasa mmoja wa salamu: msalimie fulani, msalimie fulani, huku ni joto, mimi sijambo, alhamdulillahi. Jina la mumewe halikutajwa, wala neno "mume wangu" halikuwamo. Niliona hilo. Mjane pia aliliona, kwa sababu aliuliza, "Na bwana wake je?" Nikamwambia bi harusi mwenye haya hamtaji mumewe katika barua. Tukaridhika. Sisi kila jambo tulikuwa na desturi ya kulifunika, hatukukosa hata moja.

Kisha kimya. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Mjane aliwaambia wateja kwamba kimya ni kheri, mtoto akiwa na shida huandika.

Mume wangu alikuwa mpishi wa meli ya mizigo. Mwaka huo wa pili meli yao ikatia nanga katika bandari ya mji ule aliopelekwa msichana. Nilikuwa nimempa anwani iliyoandikwa nyuma ya bahasha, naye akasaidiwa na mwenye duka mmoja, mtu wa asili ya Lamu aliyelowea huko, wakaifikia nyumba. Habari hii alinisimulia aliporudi, adhuhuri, sinia ya wali ikiwa kati yetu, na baada ya maneno machache wali ule haukuliwa.

Alisema alibisha mlango wa mbele akaelekezwa wa nyuma. Alingoja juani. Msichana akatoka na mtoto wa watu begani, mwingine amemshika gauni. Nyuma yake, ndani ya mlango, alikuwa mwanamke mzee amesimama, hasemi kitu, anatazama tu. Mikono ya msichana ilikuwa imechunika mpaka kwenye viwiko, nyekundu, kwa dawa za kufulia. Alikuwa amekonda hata mume wangu akadhani ameletewa mtu mwingine.

Mume wangu si mjinga. Alimwambia kwa Kiswahili, huku akitabasamu ili yule mzee asishtuke: "Mwanangu, wanijua. Hawa hawafahamu tunalosema. Meli yaondoka kesho kutwa, na hapa mjini wako watu wetu wa kukusimamia. Kama una neno, liseme sasa hivi."

Alisema msichana alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Sijambo, alhamdulillahi. Nisalimie mama."

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko."

"Mwanangu, haya ni maneno ya kweli?"

"Mwambie somo nimeyashika yote," akasema. Ndani yakapigwa makofi ya kumwita, naye akageuka akaingia.

"Bibi," mume wangu akaniambia, "yule si mke wa mtu. Hakuna mume pale. Yule ni mtumwa."

Nilimgombeza. Badala ya kujililia mwenyewe nilimgombeza yeye, kwa nini hakumvuta mkono, kwa nini hakupiga kelele, mwanamume gani huyu. Aliniacha nikamaliza. Akasema, "Nimvute mke wa watu mlangoni kwake, na mwenyewe asema hajambo? Wangenifunga mimi, na yeye wangemfanyaje?" Siku ile nilijichukia, na sijaacha. Mjane alipokuja kuuliza habari tulimpa salamu kama zilivyotumwa. Hajambo, akusalimu. Ilikuwa kweli, neno kwa neno.

Juma lililofuata nilikwenda Bofa kumwona ami. Alitoka jikoni na aproni yake nyeupe, tukasimama nyuma ya hoteli penye mapipa ya taka, upande wa pili wazungu wakicheka ndani ya maji. Nilimwambia kila kitu, hata lile swali ambalo halikuulizwa, ambalo kumtamkia mwanamume ilinipasa niangalie chini. Alivua kofia ya upishi akaikunja.

"Mimi nilimwoza mbele ya mashahidi," akasema. "Nikienda kwa kadhi ataniuliza, mke ameshtaki? Nimwambie nani ameshtaki?"

"Mimi."

"Wewe u somo. Kazi yako ilikwisha alipovuka mlango." Halafu, kwa sauti nyingine, kwa sababu hakuwa mtu mbaya: "Niletee neno lake mwenyewe, dada. Hata nusu. Siku hiyo hiyo nitakwenda kwa kadhi na kwa kila mkubwa."

Neno lake mwenyewe. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami ndiye niliyemfunga nguo kwa mafundo saba. Ilinipasa niyafungue. Barua isingefaa, maana barua ingefunguliwa na wenye nyumba, wakasomewa na mtu. Siku zile waliokuwa na jamaa Uarabuni walitumiana kaseti. Unajirekodi unavyozungumza, na mwenzio huko anasikia sauti yako na kuku wako na mtoto anayelia nyuma yako. Nikaazima redio kaseti. Mume wangu angeipenyeza mkononi mwa msichana mlangoni, na yule mwenye duka angempa nafasi ya kuisikiliza dukani siku akitumwa kununua kitu.

Nilijifungia chumbani asubuhi moja, mjane akiwa ameketi barazani na sinia zake. Nikabonyeza. Unajua nilifanya nini? Nilianza kusalimu. Nilimsalimu yeye, nikawasalimu watu wa nyumba, nikamsalimu mavyaa wake, mama mkwe asiyekuwepo, nikawaombea afya, nusu ya upande mzima ikaisha. Miaka yote ile ya adabu ilikuwa imenikaa kooni. Nikarudisha nyuma nikaanza tena, nikasalimu tena. Mara ya tatu nilibonyeza nikasema kwa hasira, kama mtu anayetapika:

"Mwanangu, ni mimi somo wako. Yale ya kustahimili niliyokufunda nayafuta, yote. Hapo huna mume. Hapo huna siri ya kumfichia mtu. Wewe hukushindwa, nimeshindwa mimi. Mtu aliyekupa kaseti hii mwambie neno moja tu, sema nataka kwetu, na ami yako atasimama. Lia. Shtaki. Piga kelele watu wa jirani wasikie. Mimi somo wako nakuamrisha."

Kisha nililia, na kilio hicho nacho kikaingia, sikukifuta.

Meli haikurudi bandari ile mpaka baada ya miezi minane. Nilihesabu kila mwezi kwa mwandamo wake. Mume wangu alipoingia nyumbani aliweka begi chini, akatoa kaseti, akaiweka juu ya kabati. Nyumba ile ilikuwa na watu wengine. Wenyewe walikuwa wamehamia mji wa bara, hakuna aliyejua upi. Yule mwenye duka alimuuliza mlinzi wa nyumba ya jirani habari za bi harusi aliyetoka Afrika. Mlinzi alishangaa. Akasema pale hapakuwa na bi harusi. Palikuwa na mtumishi, na huyo waliwapa watu wengine kabla hawajahama.

"Watu gani?" nikauliza.

"Hajui. Watu waliokuja na gari wakamchukua."

Na yule bibi wa manukato? Jamaa zake wa Shela walisema hawana habari zake. Baadaye nikasikia ameonekana Mtwapa, amekodi chumba, wasichana wanaingia na kutoka. Nikaenda. Nilikuta chumba kina mpangaji mwingine, mfanyakazi wa baa, aliyenionyesha ukutani ndoana ambazo wasichana walikuwa wakitundikia mabuibui yao. Nilizihesabu ndoana zile, zilikuwa sita.

Nikaona sasa hapana budi, mama lazima aambiwe. Nikaenda siku ya pili yake. Alikuwa akikanda unga. Nikaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, nikasema, "Dada, nina maneno." Alinitazama usoni, nadhani aliyaona yote pale pale, kwa sababu hakuniacha niendelee. Akauliza haraka:

"Mumeo alipomwona mwaka ule. Niambie kweli. Amekonda?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Na nikasema, "Hakukonda. Amenenepa."

Mjane aliinua mikono yake yenye unga akamshukuru Mungu kwa sauti. Akacheka, akalia, akaniwekea mahamri kwenye sahani, nami niliyala yote. Ningewezaje kuendelea baada ya hapo? Uongo nao una uzao. Nikamwambia wamehama, wako nyumba kubwa zaidi, mji mwingine, posta yake haijatulia. Akawa kila Idi anafunga kifurushi: achari ya embe, pilipili ya kusaga, kanga mpya. Mume wangu alikichukua mara tatu, akawapa mabaharia wenzake kwa kuwa hakuwa na wa kumpa. "Alifurahi?" mjane huniuliza. "Alishukuru sana, dada." Mume wangu aliacha kula nyumbani kwa mjane. Alisema mahamri yake yanamkwama.

Mwaka wa sita tangu msichana aondoke, mjane akaanguka. Tumbo lilivimba, hospitali wakamrudisha nyumbani. Akaniita akaniambia nimpigie mwanawe simu ya maandishi, telegramu, aje amwone. Nilitoka, nikazunguka mpaka posta, nikasimama mbele ya posta, nikarudi. Ningeipeleka kwa nani? Kila siku aliuliza kama amejibu. Nilisema bado. Mwishowe, kwa kuona macho yake yanavyoning'ang'ania, nikasema mumewe amebanwa na kazi, hawezi kumleta.

Akasema taratibu, kama anayejumlisha mambo: "Ana nyumba kubwa. Ana gari. Amenenepa. Mamake yuwafa, na yeye hana nafasi."

"Dada, usiseme hivyo."

"Vifurushi vyangu vyote hata barua hakuniandikia. Basi. Mwambie sina radhi naye. Na maziwa aliyonyonya simhalalishii."

Kwetu hakuna neno zito kupita hilo. Mtoto asiye na radhi ya mama hana kheri duniani, na akhera hana pa kushika. Wanawake waliokuwa chumbani walisema, "Astaghfirullah, mama, usimlaani mtoto," naye akawageuzia mgongo akatazama ukuta. Nilikuwa nimeshika beseni. Nilichotakiwa kusema kilikuwa sentensi moja tu: mwanao hakukuacha, aliuzwa. Nikafikiri, itamuua. Nikafikiri, si mbele ya watu hawa. Nikafikiri, kesho, nikimkuta peke yake. Nikaondoka na beseni langu.

Kesho yake nilioga, nikavaa kanga safi, nikamwambia mume wangu, "Leo nasema." Akaniambia, "Nenda." Niliketi kitandani nikayapanga maneno. Niliyapanga vibaya, nikayapanga upya. Adhuhuri ikaadhiniwa nikajiambia nisali kwanza. Nilipotoka na kuzunguka ukuta, mikeka ilikuwa imeshatandikwa barazani, na mwanamke mmoja alikuwa akizitoa sinia za mahamri na kuziegemeza nje.

Nilimshika mkono aliyekuwa naye mwisho. Nikamuuliza kama marehemu alimtaja mwanawe, kama alimsamehe.

"Alimtaja," akasema. "Alisema akija msimwonyeshe kaburi langu."

Watu wa Barani walilishika neno hilo, maana usia ni usia, na mpaka leo wazee wachache waliobaki ukiwauliza kaburi la mpishi wa mahamri watakwambia hawakumbuki. Mimi nakumbuka. Sikufunda tena mwari hata mmoja. Nimezeeka nikiwa nimekaa tayari kumwonyesha mtu mmoja kaburi moja, na kumwambia mbele yake yote ambayo mama yake hakuambiwa. Hakuna aliyekuja kuuliza.